Mkongo ukishushwa Mtwara, upite Ghuba ya Mnazi?

Kusi Kali: Wakuu, kampuni ikitaka kushusha mkongo wa intaneti wa baharini huku kwetu, uruhusiwe kupita ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma kwa masharti, au upigwe marufuku kabisa? Mimi nasema marufuku. Hifadhi ni kama kilomita za mraba 650 tu, ipo tangu 1995. Bahari nyingine yote wameachiwa.

Mwana Mikindani: 1995 ni Mafia, mkuu. Yetu ni 2000. Na marufuku ya nini? Mkongo wa kina kirefu ni mwembamba kama mpira wa kumwagilia bustani. Mei 12, 2024 mikongo ya EASSy na Seacom inayotuletea intaneti ilikatika siku moja kule karibu na Durban, tukabaki kutazama simu kama picha ukutani. Njia ya ziada tunaihitaji. Tatizo halitakuwa mkongo, litakuwa wavuvi wa Msimbati. Nanga zao zitaukata kabla ya bamvua la pili.

Kusi Kali: Yaani katika yote umeona mwaka tu?

Binti Msimbati: Hebu rudi hapo kwenye "wavuvi wa Msimbati", kaka. Ngalawa inatia nanga ya jiwe au ya kucha nne za nondo, kilo chache. Hiyo ndiyo ikate waya uliovishwa deraya ya chuma tabaka mbili? Hitilafu za mikongo duniani ni kama 150 hadi 200 kwa mwaka, na nyingi kweli ni nanga na uvuvi. Lakini ni nanga za meli, za tani kadhaa, na nyavu za kukokotwa na meli za injini. Kaulize meli zinazosubiri gati, mwache mwenye dema lake la kutegea samaki.

Mwana Mikindani: Na kokoro, ule wavu wa kuvuta, je? Na uvuvi wa baruti mmeusahau?

Nahodha Mstaafu: Kokoro huvutwa kwenye mchanga na nyasi bahari, na mkongo nao unatafuta mchanga huohuo. Haliukati, litanasa tu, na atakayepata hasara ni mwenye kokoro. Kinachoua mkongo kwenye mwamba ni kuning'inia. Ukilazwa juu ya vichwa viwili vya matumbawe bila kugusa chini, wimbi la kusi huutikisa, deraya inasuguliwa, zinki inatoka, kutu inamaliza. Ndiyo maana huvishwa mabomba ya chuma cha kalibu, nusu mbili zinazokazwa kwa bolti, halafu hupigiliwa mwambani. Na huko kupigilia ni kutoboa matumbawe, tusidanganyane.

Fundi Faiba: Mnagombania nanga, kazi yenyewe hamjaigusa. Njia safi ni kutoboa kwa ulalo. Mtambo unakaa nyuma ya ufukwe, tundu linapita chini ya mwamba na kutokea nje yake, kwenye kina cha mita 10 hadi 15, kisha mkongo unavutwa ndani ya bomba. Hatari yake ni tope la bentonaiti, udongo laini unaosukumwa kwa pampu tunduni wakati wa kutoboa. Mwamba wetu ni matumbawe ya kale, umejaa vitundu, tope linaweza kupenya na kuibukia juu ya matumbawe hai. Sharti liwe hivi: shinikizo likishuka ghafla, pampu inazimwa palepale. Zaidi ya hapo, kabla ya jembe la kuzika mkongo mita moja au moja na nusu, meli huburuta kulabu nzito kusafisha njia. Hiyo kulabu ndiyo ya kupiga marufuku hifadhini. Na kibali kitaje matengenezo pia. Mkongo ukikatika, hukamatwa kwa kulabu, huunganishwa kwa kipande cha ziada, na ule urefu uliozidi hulazwa pembeni, haurudi kwenye mstari wa kwanza.

Kusi Kali: Masharti gani wakati Mkataba wa Sheria ya Bahari, ibara ya 79, unazipa nchi zote haki ya kulaza mikongo?

Fundi Faiba: Hiyo ni kwenye rafu ya bara, sakafu ya bahari nje ya maili 12. Fungu la nne la ibara hiyohiyo linakuachia uweke masharti kwa mkongo unaoingia maili zako 12, yaani bahari ya nchi yako. Ndani ya hifadhi tuna Sheria Na. 29 ya 1994, na tathmini ya athari kwa mazingira chini ya sheria ya 2004.

Binti Msimbati: Sawa, fundi. Sasa jibu hili. Australia wamechora kanda za kulinda mikongo karibu na Sydney na Perth, kutia nanga na kukokota nyavu humo ni kosa. Hapa zikichorwa, anayechokoa pweza maji yakitoka atahesabiwa mhalifu? Kwenye gesi nako tuliahidiwa mengi.

Mwana Mikindani: Dada, nimesema nanga. Pweza sijamgusa.

Binti Msimbati: Ulisema Msimbati.