Orodha ya maneno yanayotumika sana, kusoma kwa wingi au maneno ya kitaaluma: ipi inajenga msamiati haraka?

msaka_maneno
Wakuu, heshima kwenu. Nataka kukuza msamiati wangu wa Kiingereza niweze kusoma makala za kitaaluma bila kufungua kamusi kila mstari. Kuongea naongea vizuri tu. Shida ni kusoma: nikiingia kwenye makala ndefu kasi inashuka, na nikifika mwisho wa ukurasa sikumbuki ulianza na nini. Njia nilizoziona ni tatu:

1. Kukariri orodha iliyopangwa kwa matumizi, kuanzia neno linalotokea mara nyingi zaidi kushuka chini.
2. Kusoma kwa wingi, nisikariri chochote.
3. Kukariri maneno ya kitaaluma peke yake.

Ipi inalipa zaidi kwa mtu mwenye muda mchache? Nawasilisha.

nukta_mkato
Namba 2, bila kupepesa macho. Orodha zinachosha, utaziacha njiani. Wenye lugha yao nani aliwakaririsha orodha?

mwalimu_wa_zamu
@nukta_mkato wenye lugha yao wameoga nayo tangu utotoni, kutwa kucha. Huyu ndugu yetu ana saa moja ya jioni, tena amechoka.

Msaka, tuanze na hiyo kasi inayoshuka, maana watu wa saikolojia wameipima kwa miaka mingi. Mtu anakalishwa mbele ya kompyuta, zinatokea herufi, anabonyeza kitufe kimoja kama ni neno la kweli na kingine kama ni herufi zilizounganishwa ovyo. Neno linalotumika sana analikubali kwa nusu sekunde au karibu na hapo. Neno adimu linamchukua muda zaidi, hata kama maana yake anaijua fika. Kwenye kusoma mambo ni hayohayo. Vifaa vinavyofuatilia macho vinaonyesha kwamba jicho hutua kwenye neno kwa kama robo ya sekunde, likikuta adimu linaganda zaidi, na yale mafupi yaliyozoeleka mara nyingi linayaruka kabisa. Kwa neno moja ni tofauti ndogo mno, lakini makala ina maelfu ya maneno, na akili iliyokwama kwenye neno inaangusha kile ilichokuwa imekishika tangu mwanzo wa sentensi.

Faida ya mazoea nayo haipandi kwa ngazi zilizo sawa. Neno likitoka kutokea mara 1 kwa kila maneno milioni likafika mara 10, unafuu unaoupata unakaribia ule wa kutoka 10 hadi 100. Kwa hiyo kukutana mara chache na neno geni kunakusaidia kuliko kukutana mara mia na neno ulilokwisha kulizoea.

Na usishangae kwamba unaongea vizuri ila kusoma kunakushinda. Paul Nation, mtafiti wa msamiati, alikokotoa mwaka 2006 kwamba ili ujue 98% ya maneno kwenye maandishi ya Kiingereza, yaani usome bila msaada wa kamusi, unahitaji familia za maneno 8,000 hadi 9,000 (familia ni neno pamoja na yale yaliyonyambuliwa kutokana nalo). Kwa mazungumzo zinatosha 6,000 hadi 7,000. Maandishi yana maneno adimu mengi zaidi.

fundi_programu
Mimi nimekuja na hesabu, mnisamehe.

George Kingsley Zipf ndiye aliyeifanya kanuni hii ijulikane: neno la pili kwenye orodha hutokea kama nusu ya mara za neno la kwanza, la kumi kama sehemu moja ya kumi, na kuendelea hivyo. Matokeo yake, kwenye matini kubwa karibu nusu ya maneno tofauti hutokea mara moja tu.

Sasa chukua neno linalotokea mara 10 kwa milioni. Tuseme unasoma maneno 3,000 kwa siku, yaani robo saa kwa anayesoma maneno 200 kwa dakika. Utakutana nalo kwa wastani mara moja kila siku 33. La mara 1 kwa milioni utalisubiri karibu mwaka. Na mwanasaikolojia Ebbinghaus alishaonyesha mwaka 1885 kwamba kilichokaririwa huanza kupotea ndani ya saa chache. Ukikutana nalo tena, ni geni upya.

Kura yangu ni namba 1, maneno 2,000 au 3,000 ya mwanzo, kwa kadi zinazokurudishia neno kabla hujalisahau. Kusoma kuje baadaye.

dada_isimu
Fundi, hesabu yako haina kosa, ila wastani unakudanganya. Maneno hayajatawanywa sawasawa kama unavyoyagawa. Neno adimu likishatokea kwenye makala, uwezekano wa kulikuta tena aya mbili mbele unapanda sana. Anayesoma makala kadhaa za mada moja anapata marudio mengi kwa muda mfupi, wala hasubiri siku 33.

Kuna jambo jingine ambalo orodha hazikuambii. Watafiti Adelman, Brown na Quesada walionyesha mwaka 2006 kwamba idadi ya matini tofauti ambamo neno linaonekana hutabiri kasi ya kulitambua vizuri kuliko idadi ya mara linazotokea. Neno lililojaa kwenye kitabu kimoja halilingani na lililotapakaa kwenye vitabu mia, hata jumla zikiwa sawa.

Halafu angalia orodha imehesabiwa wapi. Ile ya Kučera na Francis ya 1967 ilitokana na maneno kama milioni moja ya machapisho ya Marekani, na watafiti waliitegemea kwa miongo. Mwaka 2009 Brysbaert na New wakatoa ya maneno milioni 51 kutoka maandishi yanayopita chini ya filamu, ikatabiri kasi ya wasomaji vizuri zaidi kuliko ile ya zamani. Lakini kwa Msaka ya filamu haina kazi kubwa: ni lugha ya mazungumzo, ambayo anaiweza.

Ningekuwa yeye ningechukua namba 3. Istilahi za fani zinajifundisha zenyewe, maana makala nyingi huzifafanua. Zinazokukwamisha ni zile za katikati, zinazozunguka kwenye fani zote na hakuna anayezieleza. Averil Coxhead alizikusanya mwaka 2000: familia 570, na zinabeba karibu 10% ya maneno ya matini za kitaaluma. Sijui orodha nyingine ndogo kiasi hicho inayolipa hivyo.

nukta_mkato
Kwa hiyo kusoma kumo. Mimi nilisema nini?

mwalimu_wa_zamu
Ulisema asikariri chochote 😄

kitasa
Samahani wakuu, nachomekea. Nina rafiki mgeni anajifunza Kiswahili, amepakua orodha ya maneno 1,000. Juu kabisa kuna na, ya, wa, kwa, ni. Itamfikisha popote?

fundi_programu
Inategemea kompyuta iliambiwa ihesabu nini. Kama ilikata penye nafasi tu, basi *nitakupigia*, *hukunipigia* na *walipigiwa* imeyaona kama maneno matatu yasiyo na undugu, kila moja adimu. Mzizi wao umezagaa kila mahali lakini kwenye orodha umesambaratika huko chini, na juu vimebaki hivyo viunganishi. Atafute orodha iliyotokana na matini zilizochanganuliwa, yaani kila neno limerudishwa kwenye mzizi wake. Koposi (mkusanyo mkubwa wa matini) ya Kiswahili ya Helsinki, ambayo toleo lake la pili lina maneno kama milioni 25, imechanganuliwa hivyo. Hata hapo awe macho: *kaa* la baharini, la moto na la kuketi linaweza kuhesabiwa kama neno moja.

dada_isimu
Naongezea. Mtafiti Marcus Taft alijaribu mwaka 1979, kwa Kiingereza: maneno mawili yanayotokea kwa kiwango sawa, lile lenye mzizi unaotumika zaidi hutambuliwa haraka. Kwa lugha yenye viambishi kama yetu nisingemkaririsha mgeni maumbo mazima. Apewe mizizi inayotumika sana, na viambishi vya nafsi na njeo avijue mapema kabisa. Hivyo ni vichache na vinajirudia kila sentensi.

kitasa
Shukrani dada, nimeelewa.

msaka_maneno
Aisee mmenifungua. Naanza na orodha ya kitaaluma na makala za mada moja. Swali la mwisho: nitajuaje makala ni ngumu kupita kiwango changu?

mwalimu_wa_zamu
Chukua maneno 300 ya katikati ya makala, usichukue utangulizi. Pigia mstari yote usiyoyajua, majina ya watu na mahali yaache. Yasipozidi 6 uko kwenye ile 98%, soma kwa raha. Kati ya 6 na 15 inasomeka kwa jasho, kamusi iwe karibu. Yakipita 15 iweke pembeni kwanza, maana kubahatisha maana kutokana na maneno jirani hakuwezekani kama jirani zenyewe hazieleweki.

msaka_maneno
Nimehesabu sasa hivi: 11. Nimeyalinganisha na zile familia 570 za dada isimu, 7 yamo.

dada_isimu
Basi leo andika kadi za hayo 7, kila moja na sentensi ulikoitoa. Mengine manne yaache, yakijirudia kwenye makala ya pili ndipo uyaandikie.