Naomba mbinu: mpwa wangu saa zinamchanganya, 18:00 mpaka 05:45 anapata 12:55

ManenoMachache (mleta mada), Jumatano 21:48
Wakuu habari za usiku. Nina mpwa wangu, mtoto wa dada, yuko darasa la tatu. Kusoma anasoma, mwandiko safi, ila kwenye saa anapotea kabisa. Ya mishale haijui. Ya namba anaisoma, lakini ukimwambia mtu kaingia 18:00 katoka 05:45, amekaa masaa mangapi, anachukua kikokotoo, anatoa, anakuletea 12:55. Namwambia siyo. Ananiuliza sasa ni vipi, maneno yananiishia.
Naomba mbinu ya haraka, ikiwezekana kabla ya Ijumaa. Matusi sihitaji, nimechoka.

FundiMishale, 21:55
Kinachowachanganya watoto wetu ni kwamba saa imeandikwa 7 halafu sisi tunasoma moja. Mfundishe kuvuka. Akiuona mshale mfupi ulipo, apite katikati ya saa mpaka ng'ambo. Mfupi uko kwenye 7, ng'ambo yake kuna 1, basi ni saa moja. Uko kwenye 10, ng'ambo kuna 4, saa nne. Mshale mrefu asiuvushe, huo unasomwa palepale: kwenye 3 ni robo, kwenye 6 ni nusu, kwenye 9 ni kasorobo. Wanangu watatu nimewafundisha kwa mfuniko wa ndoo na njiti mbili za chelewa.

BintiPongwe, 21:58
Saa ya chelewa lazima ichelewe 😂

MwalimuMstaafu, 22:04
Kwanza ni "saa ngapi", siyo "masaa mangapi". Saa moja, saa mbili, saa mia. Hayo masaa mmeyaokota wapi? Pili, wazazi mnawapa watoto simu wangali wananyonya, halafu mnashangaa hawaujui mshale. Zamani ukutani kulikuwa na saa na mtoto akitumwa kuiangalia anarudi na jibu, siyo anarudi na namba.

MzeeWaKivinje, 22:11
Umenikumbusha babu yangu. Saa yake ya mkononi aliitega Kiswahili moja kwa moja, jua likizama mishale yote miwili inatazama juu kwenye 12. Kwake siku mpya inaanza magharibi, hayo mambo ya sita usiku hakuyatambua. Ndiyo maana mpaka leo tunasema usiku wa kuamkia Ijumaa, maana ule usiku ni wa Ijumaa tayari ingawa kalenda ya ukutani bado inasema Alhamisi.
Mimi mjukuu wake nikaja kuadhirika. Tiketi ya ndege imeandikwa tarehe 12, 01:30. Nikasoma moja na nusu, jioni nikaiongeza mwenyewe. Tarehe 12 saa kumi na moja jioni nipo uwanjani na begi na mikate ya kumimina ya wenyeji wangu. Dada wa kaunta akaniangalia kwa huruma: baba, hiyo ni saa saba na nusu usiku, iliondoka jana ukiwa umelala. Mikate tuliila na dereva wa teksi.

BintiPongwe, 22:13
Mzee, "jana" ya dada wa kaunta nayo si sahihi, iliondoka leo hiyohiyo 😂

Kipimajoto, 22:19
Mnafundisha bila kusoma swali. Mtoto gani wa darasa la tatu anaingia 18:00 anatoka 05:45? Huyo ni mlinzi au popo.

ManenoMachache, 22:27
Ni mfano tu mkuu.

Kipimajoto, 22:28
Na Ijumaa kuna nini?

ManenoMachache, 22:41
Jaribio.

MamaKarani, 22:46
Mdogo wangu, mimi nimejaza karatasi za mahudhurio kiwandani miaka kumi na moja. 18:00 na 05:45 siyo jaribio, hiyo ni zamu ya usiku. Sema tukusaidie, hapa hakuna anayekujua sura.

ManenoMachache, 23:20
Sawa.
Mpwa yupo kweli, ila yeye saa anaijua. Jumapili ndiye aliyenichorea. Mwenye shida ni mimi, nina miaka 34.
Nilikuwa kuli kwenye ghala la nafaka, miaka sita, zamu ya usiku. Karani wetu wa mahudhurio kaondoka mwezi uliopita. Meneja akauona mwandiko wangu kwenye karatasi ya michango ya msiba, akauliza nani kaandika hii, wakanionyesha. Akasema kuanzia leo kaa mezani. Nikakaa. Nani atakataa kiti baada ya miaka sita ya gunia la kilo mia? Hakuna aliyeniuliza kama hesabu za saa naziweza, na mimi sikusema. Shule wenzangu wanafundishwa saa mimi nilikuwa nachunga, nikarudi wako kwenye sehemu na desimali. Mwandiko niliupata, saa zikanipita.
Ijumaa karatasi ya ovataimu inakwenda kwa mhasibu.

MwalimuMstaafu, 23:26
Uongo wa kunyamaza nao ni uongo. Ungemwambia meneja siku ileile.

FundiMishale, 23:29
Mzee muache kijana. Kila mtu mezani kwake kuna kitu hakijui.

MamaKarani, 23:31
Karatasi ya mwezi uliopita alijaza nani?

ManenoMachache, 23:34
Tuongelee ya mwezi huu kwanza dada.

MamaKarani, 23:35
Nani?

ManenoMachache, 23:49
Mimi.

MamaKarani, 23:52
Nijibu moja tu. Mtu ana ovataimu ya saa mbili na dakika arobaini na tano. Kwenye kikokotoo, kabla hujazidisha na kiwango, unabonyeza nini?

ManenoMachache, 23:54
2.45. Si ndivyo?

MamaKarani, 00:06
Sivyo mdogo wangu. Kikokotoo kinajua mia, saa inajua sitini. Ukiandika .45 kinaelewa arobaini na tano ya mia, wakati yule mtu kafanya arobaini na tano ya sitini, yaani robo tatu ya saa. Dakika zote zigawanye kwa 60 kwanza. 45 kwa 60 ni 0.75, kwa hiyo ni 2.75. Dakika 30 ni 0.5, siyo 0.30. Dakika 15 ni 0.25. Dakika 6 ni 0.1, hiyo ikariri, itakufaa.
Kiwango chenu cha ovataimu ni ngapi kwa saa, na mko wangapi?

ManenoMachache, 00:09
3,000. Wako 24. Usiku tano kwa wiki.

MamaKarani, 00:15
2.45 mara 3,000 ni 7,350. 2.75 mara 3,000 ni 8,250. Umemkata mtu 900 kwa usiku mmoja. Kama wote walitoka 05:45 usiku zote ishirini, ni 18,000 kwa kila mtu, na kwa watu 24 ni 432,000. Najua hawakutoka wote dakika hiyohiyo, lakini kila dakika iliyozidi saa kamili umeipunja, hakuna hata moja iliyozidi upande wao.

ManenoMachache, 00:31
Hakuna aliyelalamika. Meneja kasaini, mhasibu kapitisha, na wao wana digrii. Nikisema leo nimekosea, kesho naamkia gunia, na mgongo wangu wenyewe ndio ule. Nimeshaamua ya mwezi uliopita ipite. Nitawafidia kidogokidogo, mwezi huu namwongezea kila mtu dakika chache na mwezi ujao vilevile mpaka ifike.

BintiPongwe, 00:33
Utawaongezea kwa hesabu ipi, ileile?

Wakili wa Kijiweni, 00:40
Kuongeza dakika ambazo mtu hakufanya ni kughushi, hata kama nia ni njema. Halafu hilo la kikokotoo ndilo dogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki, ovataimu ilipwe mara moja na nusu, na isizidi saa 50 katika wiki nne. 2.75 mara usiku ishirini ni 55. Na saa za kati ya 20:00 na 06:00 zina nyongeza ya asilimia 5 ya usiku. Hiyo nyongeza inalipwa?

ManenoMachache, 00:44
Hiyo ndiyo naisikia kwako.

Kipimajoto, 00:58
Wakuu, mnalishwa chai na hamjaomba hata kitafunwa. Tazameni. Moja, ID imefunguliwa Jumatatu. Mbili, mtu anaandika hivi, mkato na nukta mahali pake, eti hajui kwamba saa ina dakika 60. Tatu, anasema zamu ni 18:00 mpaka 05:45 na hapa anajibu kila baada ya dakika nne. Magunia yanajibeba? Nne ndiyo inammaliza: kama kweli alikuwa anapata 12:55, akitoa 9 ovataimu ingekuwa 3.55. Hiyo 2.45 inatokana na 11:45, jibu sahihi! Kwa hiyo kutoa anajua. Huyu ni mwalimu wa hisabati anatafuta mifano ya mtihani.

FundiMishale, 01:03
Daah. Na mimi nimetoa siri ya mfuniko wa ndoo bure.

BintiPongwe, 01:05
Nirudishieni dakika zangu, na zihesabiwe kwa sitini.

MwalimuMstaafu, 01:07
Mwalimu wa kweli asingeandika masaa.

MzeeWaKivinje, 01:12
Mimi hata ikiwa chai nimekunywa, ilikuwa na tangawizi. Lakini kisa changu cha ndege ni cha kweli kabisa, mkitaka nina tiketi.

ManenoMachache, 02:20
Nilikuwa napokea lori. Kipimajoto, karani habebi, anakaa na daftari na simu, ndiyo raha ya kiti chenyewe.
12:55 ilikuwa wiki yangu ya kwanza. Mlinzi mzee wa getini aliiona akacheka mpaka kofia ikadondoka, akanifundisha kwa vidole: kutoka kumi na mbili jioni mpaka sita usiku ni sita, kutoka sita usiku mpaka kumi na moja kasorobo ni nne na dakika arobaini na tano. Tangu hapo kutoa sikosei. Ya nukta hakuijua hata yeye.
Na daftari lenyewe, ngoja nikueleze lilivyo. Jalada la kijani, pembe zimeliwa, kurasa zina vumbi la mahindi ukizifunua zinakwaruza. Getini kuna walinzi wawili. Kijana anaandika kama simu yake, 18:00, 05:45. Mzee anaandika Kiswahili, 12:00, 11:45. Usiku mmoja mtu kaingia kwa mzee 12:00 katoka kwa kijana 05:45. Mstari mmoja, saa mbili tofauti. Huyo karani aliyeondoka alikuwa anajua mwandiko wa nani ni upi, hakuniachia hata neno.

Kipimajoto, 02:26
Ngoja. Vidole vya mzee wako vimekusaliti. Sita na nne na dakika 45 ni 10:45, siyo 11:45. Umeona wenyewe wakuu?

ManenoMachache, 02:35
Nimekosea kuandika. Kumi na moja na dakika arobaini na tano, siyo kumi na moja kasorobo. Kasorobo ndiyo inanipotezaga, inataja saa ambayo haijafika.

MamaKarani, 02:41
Kosa hilo mwalimu wa mtihani hawezi kulitunga, nawaambieni. Na hata akiwa ametunga, nimeamka kunyonyesha, sina pa kwenda. Nipe mstari mmoja halisi, jina weka chini.

ManenoMachache, 02:50
Jumanne. Kuingia 12:00, mwandiko wa mzee. Kutoka 05:10, mwandiko wa kijana.

MamaKarani, 02:52
Hesabu mwenyewe. Kwanza zote ziwe lugha moja.

ManenoMachache, 03:08
12:00 ya mzee ni jioni kwa sababu mchana zamu yetu haipo, kwa hiyo 18:00. Mpaka 24:00 ni 6. Mpaka 05:10 ni 5 na dakika 10. Jumla 11 na dakika 10. Toa 9, zinabaki 2 na dakika 10. 10 kwa 60 ni 0.1666 inaendelea tu haiishi. 2.17?

MamaKarani, 03:11
2.17. Na tarehe andika ya siku aliyoingia, hata kama katoka kesho yake, usimgawanye mtu mara mbili. Ila umesahau kutoa saa moja ya chakula. Mtu akifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo lazima apumzike dakika 60, na hizo mara nyingi hazilipwi.

ManenoMachache, 03:19
Hiyo saa hawajawahi kupewa. Wanakula wamesimama, lori likisubiri. Mimi mwenyewe miaka sita nimekula hivyo.

Wakili wa Kijiweni, 03:22
Hapo sasa ni uzi mwingine kabisa.

MamaKarani, 03:25
Basi usitoe. Wamefanya kazi, walipwe. Pembeni ya kila mstari andika "bila mapumziko", kwa mwandiko wako huohuo meneja aliousifu. Na ya mwezi uliopita?

ManenoMachache, 03:31
Lori limeingia. Nakuja.

BintiPongwe, 07:05
Mleta mada hajarudi. Ngoja nione amepotea muda gani. 7.05 toa 3.31, napata 3.74.
Wakuu, dakika 74?