Saikolojia ni kazi ya kike? Tulijadili hili Pemba

MSHAURI NASAHA, CHAKE CHAKE (mwenye hoja):

Assalaam alaykum jamaani. Juzi kwenye maulidi ya jirani mzee mmoja ninayemheshimu sana aliniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia mimi ni mwanasaikolojia. Akafurahi: "Vizuri, hiyo kazi ya kike. Wanawake mna huruma." Alinisifu kwa nia njema, lakini sifa ile imenikaa rohoni, ndiyo maana naileta hapa.

Nimesoma miaka mitatu. Nimefunzwa takwimu, nimefunzwa kutofautisha huzuni ya msiba na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni, na kujua lini niendelee kuzungumza na mtu na lini nimwandikie apelekwe kwa daktari, hata ikibidi apande boti mpaka hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu, Unguja. Huruma haimo kwenye cheti changu. Lakini mahala pa kwanza nilipofanya kazi niliitwa "yule dada wa kuwapoza watu". Mwaka mzima nilikaa kwenye kona ya mapokezi, watu wanalia mbele ya foleni, na kila nikiomba chumba jibu lilikuwa moja: kwani kuzungumza nako kunataka chumba?

Nnachosema ni hiki: wingi wetu wanawake kwenye kazi hii si maendeleo, madhali elimu yetu inahesabiwa kuwa tabia tuliyozaliwa nayo. Nani atampandisha mtu cheo kwa tabia?

Hili lina historia. Mwaka 1895, Marekani, Mary Whiton Calkins alitimiza yote yanayotakiwa kwa shahada ya udaktari wa falsafa Harvard. Walimu wake, William James mmoja wao, wakasema anastahili. Chuo kikakataa kwa sababu ni mwanamke. Miaka michache baadaye akaambiwa achukue shahada ya Radcliffe, chuo cha wanawake cha jirani. Hakuitaka. Kazi aliifanya Harvard, basi alitaka ya Harvard, na hakuipata mpaka anakufa, ijapokuwa mwaka 1905 alikuwa rais wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani. Mwenzake Christine Ladd-Franklin alimaliza masomo yake Johns Hopkins mwaka 1882, akapewa shahada 1926. Miaka 44! Zama zile ulaini wa mwanamke ulikuwa sababu ya kumfungia mlango. Leo ulaini huohuo ndio sababu ya kumpa kazi bila ya chumba wala cheo.

MWALIMU WA SKULI, WETE:

Dada yangu, la cheo nakuunga mkono. Lakini mimi nna wavulana. Skuli kwetu mshauri ni mwalimu wa kike, mzuri kweli, na wasichana wanajaa kwake. Wavulana hawaendi. Kuna mmoja aliacha kula baada ya baba yake kufa baharini, nikamwambia nenda kwa mwalimu, akanijibu, "Maalim, kule wanakwenda wanawake." Nyinyi mnadai heshima, haki yenu, ila nani atawadai wanaume waje wasome kazi hii? Mkiendelea kuwa peke yenu, huyu mtoto ataanguka.

MAMA MTU MZIMA, MKOANI:

Mwanangu, mie nakupinga kidogo. Binti yangu alipojifungua alikaa siku nyingi anatazama ukuta, mtoto hamtaki. Tulimsomea, tukenda kwa waganga. Aliyemfungua mdomo ni mwanamke mwenzake, nesi. Kwa mwanamme asingesema neno. Mlango ukifungwa ni khalwa, mwanamke na mwanamme wa kando peke yao; ukiachwa wazi kila apitaye anasikia. Sasa kuna ubaya gani ikiitwa kazi ya kike? Makungwi wetu walisikiliza siri za wanawake miaka na miaka bila ya cheti.

MSHAURI NASAHA, CHAKE CHAKE:

Shikamoo mama, na pole kwa yaliyomfika mwanao. La khalwa umesema kweli, na ndiyo sababu nataka wanawake wengi zaidi waliosoma. Na kungwi simdharau. Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza na bibi 14 wa Mbare, Harare, wakikaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki. Panaonekana na kila mtu ila hapasikiki, kwetu pia pangefaa. Utafiti wa watu 573 uliotoka mwaka 2016 ulionesha dalili za waliokaa na bibi wale zilipungua kuliko za wale waliopata huduma ya kawaida. Lakini bibi wale walifunzwa, na nyuma yao wapo wataalamu wa kuwapelekea mgonjwa akizidi. Nesi aliyemsaidia binti yako naye alisomea, mama. Tukisema ni uanawake wake tu, tunamnyang'anya alichosomea.

Maalim, mvulana wako ndiye hoja yangu hasa. Amesikia ni kazi ya kike, akakimbia; na akikimbia kama mgonjwa hatorudi kama mwanafunzi wa fani. Muombee ruhusa kwa mwalimu mkuu nije Jumamosi moja. Nitawafanyia wavulana jaribio la kumbukumbu aliloanzisha Calkins: unawaonesha rangi pamoja na namba, halafu unawaonesha rangi peke yake, wataje namba yake. Wapige hesabu wenyewe nani kakumbuka ngapi. Yule wa baba yake mkalishe mbele, na nikimaliza nitabaki mpaka magharibi.