Mjadala: Je, wimbo uuzwe kabisa kwa wenye filamu na matangazo, au utolewe kwa leseni ya muda?

Mtoa hoja (mwanamuziki wa kujitegemea, mtaa wa Umoja, Nairobi)

Ndugu zangu, naleta hoja kwamba sisi wanamuziki wa Nairobi tusio na kampuni nyuma yetu tukatae mikataba inayochukua wimbo kwa malipo ya mara moja, kwa matumizi yote, duniani kote na bila kikomo cha muda. Mkataba wa mwisho wa aina hiyo ulinifikia kwa barua pepe Ijumaa jioni, tangazo likiwa limekwisha kuhaririwa na wimbo wangu ukiwa ndani yake. Kifungu kuhusu haki zangu kilikuwa cha mistari miwili, ilhali kile cha kutunza siri za mteja kilijaza ukurasa mzima.

Hakimiliki ya mtunzi nchini Kenya hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo anayetia sahihi mkataba kama huo anauza pia kile ambacho wanawe, na pengine wajukuu, wangekirithi. Isitoshe, wimbo mmoja hubeba haki mbili: ya utunzi, yaani maneno na melodia, na ya rekodi yenyewe iliyofanywa studio. Anayetaka kuuweka chini ya picha za filamu au tangazo anahitaji ruhusa zote mbili, na kwa kawaida huziomba moja kwa moja kwa wenye haki. Leseni ya kucheza muziki hadharani, ile ambayo baa na matatu hulipia, haimpi mtu kibali cha kuutumia wimbo kuuzia sabuni.

Ninachopendekeza ni leseni isiyo ya kipekee, yaani ninayeweza kumpa na mwingine, kwa mfano ya miezi 6, ya redio na televisheni, kwa Kenya pekee. Anayetaka Uganda na Tanzania aongeze malipo, na anayetaka mabango ya video ya barabarani vilevile.

Mhariri wa video, Kilimani

Hoja ni nzuri kwa anayeitoa, ila aitazame pia kutoka kwenye kiti changu. Maktaba za muziki za kigeni, kama Epidemic Sound ya Stockholm, huniuzia usajili, nami nikachagua wimbo saa tano usiku bila kumpigia mtu simu. Mteja akiniambia tangazo linaruka hewani Jumatatu, siwezi kujadiliana kuhusu mabango. Kisha kuna mtandao: video iliyowekwa kwenye ukurasa wa kampuni hubaki pale miaka na miaka, na hakuna mtu wa ofisini atakayekumbuka kuiondoa siku leseni inapokwisha. Ndiyo sababu mawakala wa matangazo hununua haki zote. Mara nyingi ni woga wa kushtakiwa kuliko uchoyo.

Kwa filamu za hali halisi naafikiana na mtoa hoja. Mtengenezaji asiye na fedha achukue leseni ya kuonyesha kwenye matamasha ya filamu tu kwa bei ndogo, na bei ya televisheni na ya majukwaa ya mtandaoni iandikwe humo humo, ilipwe tu iwapo filamu itanunuliwa.

Prodyusa, Kayole

Mnazungumzia mipaka ya leseni kana kwamba tunajua mwenye wimbo ni nani. Biti, yaani mdundo, nimetengeneza mimi, kiitikio kimeandikwa na binti aliyepita studio jioni moja, gitaa limepigwa na mzee aliyelipwa kwa M-Pesa bila karatasi yoyote, halafu msanii anatia sahihi peke yake akithibitisha kwamba haki zote ni zake. Wakala makini akiuliza mgawanyo wa haki ukoje, kunakuwa kimya cha wiki mbili, na kazi inakwenda kwa maktaba ya kigeni. Kwangu sasa hakuna anayeondoka na faili la mwisho kabla ya kila mmoja kutia sahihi karatasi ya asilimia ya kila mmoja, hata tukigombana hadi usiku.

Wakili, Upper Hill

Naona jambo moja zito limepitwa. Mtoa hoja anazungumzia wimbo uliokuwepo tayari, ilhali kazi nyingi za matangazo ni za kuagizwa. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inaichukulia haki ya kazi iliyoagizwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa kama pande mbili zimekubaliana vinginevyo. Basi mtunzi wa kibwagizo cha tangazo anayefurahi kwamba hajasainishwa mkataba wowote huenda ameshaipoteza haki yake kwa kunyamaza. Kwa wimbo uliokuwepo mambo ni kinyume: kuhamisha haki, au kutoa leseni ya kipekee, hakuna nguvu bila maandishi yenye sahihi. Usajili kwa KECOBO, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, nao husaidia kama ushahidi, ingawa si sharti la kupata haki.

Mtoa hoja

Wakili amenilazimisha kuipanua hoja: kwa kazi ya kuagizwa, maandishi yatangulie kurekodi, na yaseme wazi kwamba haki inabaki kwa mtunzi. Kwa prodyusa sina la kubisha.

Kwa mhariri, naukubali ugumu wa mtandao. Video ibaki kwenye ukurasa wa kampuni kama kumbukumbu hata baada ya muda kwisha, mradi isilipiwe tena kusambazwa. Nisichokikubali ni kununua kila kitu kwa sababu ya woga, maana woga huo unalipiwa na mwanamuziki. Pia bei ya kuongeza muda iandikwe tangu siku ya kwanza. Ikiachwa hadi leseni imalizike, wakala atasema bajeti imekwisha, nami nitakuwa na tangazo ambalo mji mzima umelizoea na wimbo ambao hakuna kampuni nyingine itakayougusa.