Tupeane uzoefu: safari ya wawili kwa baiskeli, Dar hadi Mbeya, mnalala kwenye hema

Mzee wa Keria
Wakuu, kipupwe kimeingia, na kila msimu kama huu wapo mume na mke wanaofunga mizigo kwenye baiskeli na kuishika barabara ya Mbeya, kilomita zaidi ya 800. Kinachowarudisha wengi si miguu, ni gurudumu la nyuma. Naanza na hilo, nanyi mjazie.

Ukiweka kilo 25 kwenye keria ya nyuma, spoku za upande wa friwili (yale meno ya nyuma yanayovutwa na mnyororo) ndizo zinazokatika kwanza, maana zimesimama wima na zimekazwa kuliko za upande wa pili. Ndizo ngumu kubadilisha pia, kwa kuwa friwili lazima ivuliwe. Fundi wa kijijini ana spana na nyundo, kifungulio cha friwili yenu hana. Bebeni chenu, ufunguo wa spoku, na spoku 4 za urefu ule ule, mzifunge kwa utepe kwenye bomba la fremu. Ikikatika moja porini, legezeni nusu mzunguko zile mbili za jirani zinazovuta upande wa pili, mpaka rimu iache kugusa breki. Hapo mtafika mjini.

Na punguzeni mzigo wa nyuma. Vitu vizito, kama maji, unga na vifaa, vikae chini, usawa wa ekseli, sehemu yake ipelekwe mbele.

Fundi Rimu
Mzee umenena. Niongeze kwenye tairi, hapo ndipo watu wa mjini wanapoumia. Msisome "28" peke yake. Baiskeli ya mizigo ya vijijini ina rimu ya kipenyo cha milimita 635, hizi za kisasa zinazoitwa 28 ni 622. Tairi ya moja haikai kwenye nyingine hata mkiivuta wanne. Namba hiyo imechapwa ubavuni mwa tairi, isomeni kabla ya kununua ya akiba. Inchi 26 nayo iko hivyo hivyo: ile ya tairi nene ni 559, ile ya baiskeli nyembamba za zamani ni 590.

Valvu: rimu yenye tundu kubwa inapokea tyubu yenye valvu kama ya gari, na ile nyembamba pia. Yenye tundu dogo inapokea nyembamba tu, na tyubu hizo msitegemee kuzipata dukani Ruaha Mbuyuni. Kabla ya safari fundi apanue tundu lifike milimita 8.5, alipige msasa lisikate tyubu. Rimu ikiwa nyembamba sana aiache, mbebe tyubu za kutosha.

Binti Iringa
Msasa msisahau. Wengi wanatoboa na kuacha kingo kali.

Mbigiri
Jina langu linatosha kuwaambia nachangia nini. Mkitoka nje ya lami kutafuta pa kulala, shukeni, nyanyueni baiskeli. Msiziburute. Mbigiri zimelala mchangani na huzioni mpaka asubuhi, tairi zote nne ziko chini.

Kuziba: piga msasa eneo pana kuliko kiraka, paka solusheni nyembamba, kisha ngoja. Dakika 5, mpaka isinate kidoleni. Kiraka kikiwekwa juu ya solusheni mbichi kinabanduka jua likipanda, halafu watu wanalaumu kiraka. Kabla ya kurudisha tyubu, pitisha kitambaa ndani ya tairi pande zote. Ncha ya mwiba wa mgunga ikibaki mle, mtaziba tundu lile lile mara tatu siku moja.

Mpanda Milima
Kwa nini mnaanzia Dar? Pandisheni baiskeli kwenye treni ya TAZARA au basi mpaka Mbeya, mshuke nazo. Iringa iko zaidi ya mita 1,500, Dar iko baharini. Hesabu hiyo ni nyepesi.

Fundi Rimu
Nyepesi kwa mapafu, nzito kwa breki. Umeshawahi kuona rimu iliyoteremka mlima Kitonga, kati ya Iringa na Ruaha Mbuyuni, na mzigo?

Mpanda Milima
Breki nzuri hazina tatizo.

Fundi Rimu
Basi nieleze polepole, maana hapa watu wanaumia kweli na mimi sikubali lipite.

Kitonga ni kona juu ya kona, bonde upande mmoja, malori ya Zambia nyuma yako. Mwenye baiskeli iliyobeba kilo 25 anaogopa kasi, anabana breki ya nyuma bila kuachia. Mpira unasugua rimu, rimu inapata moto usioshikika kwa mkono. Moto ule unapita kwenye tyubu, hewa inatanuka, na kile kitambaa cha ndani cha rimu, kama ni cha plastiki, kinalainika na kusogea. Tyubu inabaki juu ya vichwa vya spoku. Kinachofuata ni mlio kama wa bunduki, na gurudumu linacheza kushoto na kulia katikati ya kona. Kama ni la mbele, usukani haukusikii tena. Mwenzako aliye mita 10 nyuma hana pa kukwepea, na nyuma yake kuna lori.

Mnateremkaje? Kitambaa cha ndani kiwe cha pamba. Mipira ya breki mipya, ikaguliwe juu kabisa mlimani. Bana kwa nguvu kabla ya kona, achia kabisa kwenye mnyoofu, mbele na nyuma kwa zamu. Simameni pembeni mara kwa mara, mwagieni rimu tone la maji kwa kidole: likichemka, kaeni dakika 10. Mwachane mita 50 au zaidi. Na muwe mmeanza alfajiri mara tu mwanga unapotosha kuona.

Kijiwe cha Mafinga
Hiyo ya mlio wa bunduki imenikalia kichwani. Nabadilisha kitambaa leo.

Binti Iringa
Mimi bado niko na kupanda kutoka Dar, Fundi. Ila msipande Kitonga saa sita mchana. Laleni Ruaha Mbuyuni, nunueni vitunguu vyenu, muondoke kukipambazuka. Bonde lile la mibuyu lina joto: lita 5 za maji kila mmoja. Mwenzako akiacha kutoa jasho au akianza kujibu ovyo, kivulini mara moja. Kinywaji cha kurudisha maji mwilini: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko visiwe vya mlima.

Mpanda Milima
Sawa, Kitonga nimewaachia. Mikumi mnasemaje?

Mzee wa Keria
Mikumi hakuna mjadala. Kilomita 50 za barabara zinapita katikati ya hifadhi, na mule mna simba, tembo na nyati. Simamisheni fuso au basi pale Doma, pakieni baiskeli, mshukie Mikumi mjini. Bei mpatane kabla baiskeli haijapanda juu.

Mama Hema
Mmesahau kulala. Msijifiche porini. Fikeni kijijini saa 10 jioni, ulizeni mwenyekiti wa kitongoji, ombeni uwanja wa shule au wa misheni. Mke azungumze na kina mama, mume na wazee, na mnapata maji ya kisima kabla hata ya kufungua mizigo. Hema lisikae kwenye korongo kavu, wala chini ya mti wenye matawi makavu, wala kwenye njia ya siafu.

Mgawanyo: mwenye nguvu abebe hema na sufuria, ila kila mmoja awe na maji yake, viraka vyake, pampu yake na pesa kwenye simu yake. Mkipotezana hakuna anayekwama. Mwendo uwe wa aliye dhaifu, naye atangulie.

Mbigiri
Atangulie kwenye upepo wa mbele? Hapana Mama, hapo mwenye nguvu akate upepo, mwingine akae nyuma yake mita moja.

Mama Hema
Kwenye upepo sawa. Kwenye mlima atangulie.

Kijiwe cha Mafinga
Jiko gani? Vimitungi vidogo vya gesi huku hakuna.

Binti Iringa
Jiko la spiriti, inauzwa duka la dawa. Mchana kuleni kwa mama ntilie, jioni tu ndiyo mpike.

Kijiwe cha Mafinga
Asante. Basi nami niwaambie ya huku kwetu: kuanzia Mafinga hadi Makambako, Juni na Julai, usiku ni baridi kali. Baridi inatoka ardhini kuliko juu, kwa hiyo mkeka wa sponji kwanza, blanketi baadaye. Na msifunge hema lote kwa kuogopa upepo. Pumzi za watu wawili zinaganda juu kama umande, saa 9 usiku zinaanza kudondoka kwenye blanketi. Acheni zipu wazi shubiri moja, juu, upande usio na upepo.

Mama Hema
Na nguo za kesho zilale ndani ya blanketi pamoja nanyi.