Mashine za kufunga mikanda: ya meza, ya tao au ya mkononi yenye betri? Ulinganisho

Mpakiaji12
Habari wakuu. Naomba ulinganisho kutoka kwa wanaozijua mashine hizi vizuri. Kazi ni katoni 600 kwa siku, karibu zote sm 40 kwa 30 na kimo sm 25, uzito kilo 8 hadi 15. Kila katoni inafungwa mikanda miwili ya plastiki. Kisha katoni zinapangwa 60 kwa kila paleti ya sm 120 kwa 100, tabaka sita, na paleti nayo inafungwa mikanda minne. Kwa sasa kila kitu ni kwa mkono, kwa kivutio (kifaa cha kukazia mkanda) na klipu za chuma. Ipi inafaa: ya meza (mtu anazungusha mkanda mwenyewe), ya tao (fremu inayozungusha mkanda yenyewe kuzunguka katoni), au ile ya mkononi ya betri? Ningependa moja ifanye kazi zote mbili.

FundiMota
Hapo mwisho ndipo penye tatizo. Hizo ni kazi mbili tofauti, na ukitafuta mashine moja ya zote mbili utapata inayofanya zote kwa shida.

Anza na mkanda, mashine itafuata. Katoni ya kilo 15 inatosheka na mkanda wa PP (plastiki ya polipropilini) wa mm 12, unene mm 0.6 hivi, unaokatika kwa mvuto wa kilo 110 hadi 150. PP ni rahisi kuyeyusha (huyeyuka karibu nyuzi 160 hadi 165 za Selsiasi) na ni laini kwa kadibodi. Kasoro yake ni kulegea: ukiuvuta ukauacha umekaza, unapoteza sehemu kubwa ya mvuto ndani ya saa na siku za mwanzo. Kwa katoni si neno, maana kazi yake ni kuzuia vifuniko visifunguke.

Paleti ni habari nyingine. Katoni 60 za wastani wa kilo 12 ni kilo 720, na zikitikiswa barabarani zinajipanga upya na kushuka kidogo. Hapo unahitaji PET (plastiki ya poliesta, ngumu zaidi), mm 15.5 au 16, unene mm 0.8 kwenda juu, unaostahimili zaidi ya kilo 400. PET unanyumbuka kidogo na kurudi, kwa hiyo mzigo ukishuka mkanda unaufuata. Chuma hakinyumbuki hivyo: mzigo ukipungua sentimita moja tu, mkanda unaning'inia. Chuma kiachie mizigo yenye ncha kali au yenye joto.

Bohari_Kuu
Naongeza hesabu, kwa sababu wengi hununua kwa kuangalia kasi iliyoandikwa kwenye karatasi ya mashine.

Katoni 600 mara mikanda 2 ni mikanda 1,200. Mashine ya meza inakaza, inakata na kuchomelea kwa sekunde 1.5 hadi 2, lakini mtu ndiye anayezungusha mkanda juu ya katoni na kuchomeka ncha kwenye mfereji. Ukijumlisha kugeuza na kusogeza, weka sekunde 10 kwa kila mkanda. Hiyo ni sekunde 12,000, yaani saa 3 na dakika 20 za mtu mmoja. Ya tao inazungusha yenyewe, mtu anasukuma katoni na kukanyaga pedali. Weka sekunde 5, unapata saa 1 na dakika 40. Tofauti ipo, lakini si mara kumi kama watu wanavyodhani, kwa sababu kinachochelewesha ni mikono inayoleta katoni.

Mkanda nao: kuzunguka upana na kimo ni sm 110, ongeza sm 5 za kupishana, mara 1,200 ni mita 1,380 kwa siku. Roli ya PP ya mita 2,500 haimalizi siku mbili. Panga akiba kwa hesabu hiyo. Tena ya meza hutema kipande kirefu kuliko kinachohitajika ili mtu apate cha kushika. Ziada inarudishwa wakati wa kukaza, ila muda wa kulisha ukiwekwa mrefu kupita kiasi mkanda unatambaa sakafuni, unakanyagwa na kurudi ndani na mchanga. Rekebisha kipima muda urefu uzidi mzunguko wa katoni kwa sm 15 hadi 20 tu.

KisuMoto
Mkuu Mpakiaji12, ukichukua ya tao elewa kinachotokea chini ya meza, maana hapo ndipo utakaposhinda au kushindwa.

Rola za kulisha zinasukuma mkanda ndani ya mfereji wa tao mpaka ncha irudi chini ya bamba dogo linaloteleza na kugusa swichi. Kibano cha kwanza kinapanda na kuibana ncha dhidi ya bamba. Rola zinageuka, mkanda unavutwa, vifuniko vya mfereji vyenye springi vinafunguka na mkanda unadondokea katoni. Ukishagusa, mkazo wa pili wenye nguvu zaidi unakamilisha kiwango ulichoweka. Kibano cha pili kinashika upande unaotoka kwenye roli. Kisu cha joto kinaingia kati ya safu mbili, nyundo ya katikati inapanda, inakata mkanda na kuzibana safu kwenye kisu. Nyundo inashuka kidogo, kisu kinatoka, nyundo inapanda tena na kuzigandamiza safu mbili zilizoyeyuka. Sehemu ya sekunde hivi ya kupoa, bamba linateleza nyuma, mkanda umeachiwa. Yote haya ni sekunde 2 au 2.5, na yanaongozwa na kamu (magurudumu yenye nundu yanayosukuma sehemu kwa zamu) kwenye shafti moja au mota ndogo kadhaa.

Faida kubwa ya tao siyo kasi. Kila mkanda unapata mvuto uleule, asubuhi na jioni, bila kujali nani yuko zamu.

Mama_Stoo
Mimi natetea ya meza. Ndugu zangu mnasahau kwamba "karibu zote" si "zote". Tao la kawaida ni mm 850 kwa 600. Kifurushi kirefu kwenda juu hakipiti. Ya meza haina tao, kwa hiyo kitu chochote kinachokaa juu yake kinafungwa. Ina sehemu chache, na kichwa chake (sehemu inayokaza, kukata na kuchomelea) kinafanya kazi ileile ya kisu na nyundo. Fundi wa kawaida ataifungua na kuirudisha. Katika tao, kifuniko kimoja cha mfereji kilichopinda kinatosha kusimamisha kazi.

Na kama katoni zina vumbi au unyevu, kichwa kilicho chini ya meza kinapokea kila kinachodondoka. Zipo za tao zenye kichwa ubavuni kwa ajili hiyo. Ile inayounganishwa na konveya na kufunga bila mtu kabisa usiifikirie kwa katoni 600. Sensa zake zinataka katoni zifike zimenyooka, na moja ikija kombo msururu wote unasubiri.

Mpakiaji12
Asanteni sana. Tuseme nachukua ya tao kwa katoni. Kiungio (pale safu mbili za mkanda zinapochomelewa) kikiachia au mkanda ukikwama, nianzie wapi?

KisuMoto
Kiungio kwanza. Usikikague kwa macho tu. Kata mkanda upande wa pili wa katoni, shika ncha mbili karibu na kiungio, kikunje kisha zichane safu kwa vidole. Utaona moja ya haya.

Safu zinaachana kirahisi, nyuso zinang'aa na ni laini: joto halikutosha. Ama kisu kiko chini, ama kina tabaka la plastiki iliyoungua, ama umeme umeshuka. Mashine nyingi nyepesi hulisha kisu kwa transfoma bila udhibiti wa kisasa, hivyo voltu zikipungua na joto linapungua. Hata upepo wa mlango ulio wazi mbele ya mashine unakipoza. Kingo za kiungio ni za kahawia, kinavunjika kama kijiti: joto limezidi. Safu zinachanika kwa nyuzinyuzi nyeupe, na mkanda unapasuka pembeni kabla kiungio hakijaachia: hapo ndipo pa kubaki.

Ukirekebisha joto, sogeza nyuzi 5 hadi 10 kwa mara moja, subiri dakika mbili, funga mikanda mitano, ichane yote mitano. Usiguse joto na mvuto kwa pamoja, hutajua kipi kilisaidia.

Kuna hali inayowachanganya wengi: kiungio kinaonekana kizima mashineni, kisha kinaachia katoni ikishasogezwa mita chache. Watu hupandisha joto na kuharibu zaidi. Kinachokosekana ni muda wa kupoa: bamba linaondoka plastiki ikiwa bado laini, na mvuto wa mkanda wenyewe unaziteleza safu. Ongeza muda wa kupoa au punguza mvuto. Na ikiwa safu hazipandani sawasawa, moja imetokeza pembeni kwa milimita mbili, basi shida ni mwongozo uliolika au mkanda mwembamba kuliko mfereji. Mkanda wa mm 9 kwenye mfereji wa mm 12 utayumba tu.

Kisu kisafishe kila siku kwa brashi ya shaba kikiwa na vuguvugu, umeme ukiwa umechomolewa. Kinaunguza muda mrefu baada ya kuzimwa.

FundiMota
Kwenye kukwama, tazama sakafu chini ya mashine kabla ya kufungua chochote. Poda nyeupe maana yake rola zinateleza na kuukwangua mkanda. Inatokana na rola iliyolika, nafasi kati ya rola isiyofaa unene wa mkanda, au breki ya roli iliyobana mno hadi mota inavutana nayo. Breki ikilegea sana nayo ni shida: roli inaendelea kuzunguka baada ya mota kusimama, mkanda unamwagika na kujifunga fundo. Poda hiyo ikiachwa inajaa kwenye swichi ya ncha, kisha mashine inadhani mkanda haujafika na inasukuma mpaka ukunjamane ndani ya tao. Ipulize kila mwisho wa zamu.

Kisha pima mkanda wenyewe. Nyoosha mita mbili sakafuni kando ya uzi uliovutwa. Ukijipinda kama ndizi, utagonga ukuta wa mfereji, na hakuna marekebisho ya mashine yatakayouponya. Nunua mkanda uliotengenezwa kwa ajili ya mashine, si ule wa kufungia kwa mkono. Angalia pia kipenyo cha bomba la kadibodi la katikati: la mm 200 na la mm 406 hayawezi kubadilishana kwenye kishikio. Roli zihifadhi zikiwa zimelala, ndani ya karatasi yake, mbali na jua. Jua huufanya PP ukatike kwa kukunjwa tu.

Bohari_Kuu
Na paleti zako 10? Mikanda 40 kwa siku, kila mmoja kama mita 5 ukipita upande wa sm 100 na kimo cha mita 1.5. Ni mita 200. Hiyo ni kazi ya kifaa cha mkononi chenye betri, kinachounganisha PET kwa msuguano: bamba dogo linatetemeka kwa kasi, safu zinajiyeyusha zenyewe. Kiungio chake hufikia robo tatu ya nguvu ya mkanda au zaidi. PET huyeyuka karibu nyuzi 250 hadi 260, ndiyo maana msuguano unaufaa kuliko kisu cha joto.

Mama_Stoo
Pitisha mkanda kwenye uwazi wa paleti chini ya mbao za juu, usiuzungushie katoni peke yake, la sivyo umefunga mzigo bila paleti. Weka kona za kadibodi ngumu kwenye kingo za juu kabla ya kukaza. Bila hizo mvuto wote unaingia kwenye mstari wa mm 16 na katoni ya juu inabonyea. Kaza mikanda miwili ya kati kwanza, kisha ya pembeni. Baada ya kuchomelea subiri taa ya kupoa izime, sekunde tatu hivi, ndipo ufungue wenzo. Ukiwahi, safu zinateleza na utarudia mkanda mzima.