Binti yangu wa miaka 13 analala kajifunga mkaja apate kiuno cha kwenye simu, nifanyeje?

mama_wa_mwanga (Kigoma)
Wadau habari za jioni, naombeni ushauri jamani maana silali. Binti yangu ana miaka 13, kidato cha kwanza. Tangu likizo ianze usiku hali, anasema kashiba, nikahisi malaria nikampeleka kupima hana kitu. Sasa juzi asubuhi naenda kumuamsha namfunua shuka nakuta kajifunga ule mkaja niliofungwa mimi nilipomzaa mdogo wake, kaukaza kuanzia chini ya kifua mpaka kiunoni, naufungua ngozi imedidimia kama kamba ya mzigo. Kumuuliza analia tu eti mama mi sina shepu, niko kama ubao. Simu anayoingilia TikTok na Insta ni ya dada yake, nimeangalia ni wadada viuno vya nyigu, nyonga hizoo, weupe wote. Mtoto mwenyewe mweusi mzuri kama bibi yake wa Ujiji na mwembamba tangu kuzaliwa. Simu nimempokonya ila sasa hata kuniongelesha hataki.

mwl_ujiji
Pole sana dada. Nafundisha wasichana na haya nayaona. Kuna utafiti wa Fiji, visiwa vya huko Pasifiki, ambako mwanamke mwenye mwili ndo alihesabika mzuri. Televisheni iliingia mkoa wa Nadroga mwaka 1995, daktari mmoja Mmarekani Anne Becker akawauliza wasichana wa sekondari mwaka huohuo, akarudi tena 1998. Mwanzo hakukuwa na hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apungue, miaka 3 baadae ni asilimia 11, na asilimia 74 walisema kuna wakati wanajiona wanene mno. Kisiwa kilekile. Kule walitaka kukonda, hapa kwetu wanataka nyonga na weupe, ila mtoto anaumia vilevile. Akianza kujitapisha au akizidi kukonda usisubiri, mpeleke hospitali na uwaambie yote hata la mkaja.

fundi_picha_TBR
Dada mi nina studio Tabora, hiyo simu mrudishie ila mkae wote mtazame. Wateja wangu wengi wa picha za bethidei kabla hata hajalipa anakwambia kaka nipunguze tumbo niongezee hapa nyuma, navuta kwenye kompyuta dakika 2 kiuno kimeisha, na uso naupausha hapohapo. Mfundishe binti aache kumtazama mdada atazame nyuma yake, fremu ya mlango, vigae, nondo za dirisha, picha ikivutwa ule mstari ulionyooka unapinda pale karibu na kiuno. Ufaransa tangu 2017 picha ya tangazo ikibadilishwa umbo la mwanamitindo lazima iandikwe, lakini ile mtu kajipiga chumbani akaweka filta nani ataiandika.

zai_kibirizi
Mi nilikuwa huyo mtoto. Hela ya kuanika dagaa hapa Kibirizi nilikuwa nanunulia mkorogo, nikiwa kidato cha tatu, napaka usiku mchana niko juani, uso ukababuka mashavu yote na vidole kwenye viungo vikabaki vyeusi mpaka leo navificha. Hayo makopo mengine yana zebaki ndugu zangu, inaingia mpaka kwenye figo. Ila picha zilinikuta nishaumia, nyumbani mjomba alikuwa ananiita mkaa na wote wanacheka. Mama naomba nikuulize kwa heshima, hilo neno ubao kalitoa wapi?

mama_wa_mwanga (Kigoma)
Zai mwanangu umenigusa pabaya. Ni kaka yake ndo anamwita hivyo, na mimi nilikuwa nacheka, nilikuwa nacheka kabisa nikijua ni utani. Nimemuita kaka mtu nimemwambia hilo neno nisilisikie tena humu ndani, na mtoto nimemuomba msamaha, kanyamaza tu. Jioni tukakaa mkekani na simu kama alivyosema fundi, picha ya tatu akaniambia mama ona mlango umepinda, akaanza kuzitafuta mwenyewe moja moja. Mkaja nimeufungia sandukuni. Ugali bado hajagusa ila kanywa uji vikombe viwili na dagaa wachache kala, jumatatu nampeleka kwa dokta kama mwalimu ulivyosema.